KUFUFUA GARI KUUKUU LILILOLALA
Somo kwa wenyeji wa Wema na Garsen

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yeyote apitaye katika vijiji vya delta ya Mto Tana, kama vile Wema, Hewani na Ngao, hukosi kuona gari limesimama chini ya mwembe, magurudumu yamelala, kuku wametaga juu ya kiti cha dereva. Wengi hulitazama na kusema, “Hilo limekufa.” Lakini gari lililokufa ni jambo moja, na gari lililotupwa ni jambo jingine. Somo letu la wiki hii ni kujifunza kuyapambanua mambo hayo mawili kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Wema. Baba alifariki akawaachia pikapu ya Peugeot 504. Mafuriko ya mwaka 2018 yalilikuta gari hilo uani, na tangu siku hizo halijanguruma. Mwana wa kwanza ataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwana wa pili ataka betri mpya iletwe kutoka Garsen, liwashwe kesho asubuhi, na embe zipelekwe sokoni. Mama yao hakutaka kuingia katika ubishi huo. Aliuliza neno moja tu: “Je, usiku mgonjwa akizidiwa, gari hili litatufikisha hospitali bila ya kutuua njiani?”

Swali la mama ndilo swali la kweli, na yote tutakayoyaeleza hapa chini yanakusudiwa kulijibu.

Kwanza yafaa tujue gari hilo ni la namna gani. Peugeot 504 ilitokea Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa Gari la Mwaka katika Ulaya. Katika Kenya ilijipatia heshima kwa kazi yake. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, dereva akiwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978, dereva akiwa Jean-Pierre Nicolas. Magari mengi ya namna hiyo yaliunganishwa Mombasa, na kwa muda wa miaka mingi ndiyo yaliyobeba abiria na mizigo katika barabara zetu mbaya. Kwa sababu hiyo mafundi wanaolifahamu wangalipo, na vipuri vyake bado hupatikana. Jambo hili ni kubwa. Gari kuukuu lenye vipuri laweza kufufuliwa. Lisilo na vipuri ni pambo la uani tu.

1. Gari ni la nani?

Kabla ya kushika spana, tafuta kitabu cha usajili. Ikiwa jina lililoandikwa humo ni la marehemu, basi gari ni sehemu ya urithi, wala si mali ya yule mwana mwenye ufundi au mwenye fedha. Sheria ya Urithi ya Kenya yataka warithi wapate hati ya kusimamia mirathi kutoka mahakamani kabla gari halijahamishwa kwa jina jingine. Safari hiyo kwa kawaida huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote.

Watu wengi huliruka jambo hili wakidhani ni karatasi tu. Mmoja hutengeneza gari kwa fedha zake, na siku linapoanza kuleta faida ndugu zake humwambia, “Hata sisi ni wana wa baba.” Hapo gari huwa limefufuka, na udugu umekufa. Kwa hiyo familia na ikae kikao kwanza, ikubaliane nani atatoa nini na nani atapata nini, na maneno hayo yaandikwe.

2. Tafuta alama ya tope

Gari lililosimama mahali pakavu na gari lililozama majini ni wagonjwa wawili tofauti. Katika nchi yetu ya Tana jambo hili halina budi kuulizwa kwanza, kwa kuwa mto umefurika mara nyingi: mwaka 1961, mwaka 1997 na 1998 wakati wa El Niño, mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 hadi 2024. Maji ya Tana hayaji peke yake. Huja na tope laini ambalo hupenya hata penye tundu la sindano.

Fungua milango, utazame upande wa ndani wa bodi, nyuma ya vitambaa na chini ya mazulia. Utaona mstari wa tope uliokauka. Mstari huo ndio shahidi wa kuaminika kuliko maneno ya jirani. Ukiwa chini ya vitovu vya magurudumu, hofu ni ndogo. Ukifika vitovuni, beringi, breki na difu zimeingiwa na maji. Ukipita kimo cha injini, chukulia kwamba kila chombo chenye mafuta sasa kina maji na tope, mpaka ithibitike vinginevyo.

Kisha lala chini utazame mihimili inayobeba gari. Chukua bisibisi kuukuu na uchome chuma pole pole, hasa mahali springi zinaposhikamana na bodi, na mahali usukani ulipofungwa. Kutu ya juu juu si neno, hukwanguliwa ikapakwa rangi. Lakini bisibisi ikizama kama kisu katika papai, hapo simama. Injini iliyoharibika hutengenezwa. Mhimili uliooza huvunjika gari likiwa mbioni.

Tahadhari mbili. Usitie mkono mahali usipopaona, kwa maana nyoka na manyigu hupenda makao ya namna hiyo. Tena usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Udongo wetu mweusi ni laini, na jeki huzama au huteleza. Weka ubao mpana chini ya jeki, kisha liegemeze gari juu ya magogo ya mti mgumu. Mawe ya kujengea yenye matundu hayafai, kwani hupasuka ghafla.

3. Usiwashe injini

Hapa ndipo yule mwana wa pili anapokosea, naye hakosi peke yake. Watu wengi wakishapata betri hugeuza ufunguo mara moja, wapate kusikia sauti. Tazama sasa yanayotokea. Ndani ya silinda mafuta yote yameteremka, na kuta zake zimekauka, labda zina kutu. Pistoni zikikokotwa kwa nguvu katika hali hiyo, ringi huvunjika na kuta huchubuka. Na ikiwa silinda ina maji, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Pistoni huyagonga kama ukuta, na mkono wake hupinda. Hivyo kazi ya shilingi chache hugeuka kuwa kazi ya injini nzima.

Njia iliyo njema ni ya subira. Ondoa plagi zote. Kabla ya kuzitoa, funga kikaratasi chenye nambari kwenye kila waya, usije ukachanganya mahali pake. Mimina kijiko kimoja cha mafuta ya injini katika kila tundu, uache siku mbili. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye puli ya mbele, gari likiwa halina gia. Ikizunguka kwa ulaini, shukuru. Ikikataa, usitumie nguvu. Ongeza mafuta, ngoja siku nyingine mbili, ujaribu tena, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikikataa kabisa, hapana budi kichwa cha injini kifunguliwe.

Injini ya petroli ya 504 ina wema wake hapo. Kuta za silinda zake ni mirija inayotolewa na kubadilishwa pamoja na pistoni zake, bila ya kuipeleka injini kuchongwa upya. Lakini ina udhaifu pia: kichwa chake ni cha aluminiamu, nacho huliwa kikikaa na maji machafu miaka mingi. Kwa hiyo tazama vizuri njia za maji kabla ya kufunga tena.

4. Mwaga kila kilicho kioevu

Kanuni ni fupi: kilichokuwamo kitoke chote. Anza na mafuta ya injini. Yakitoka meusi na mazito, huo ni uzee tu. Yakitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tia mafuta ya bei nafuu, zungusha injini kwa mkono, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi, ndipo utie mafuta mazuri na kichujio kipya. Fanya vivyo hivyo kwa gia boksi na difu, lakini soma kitabu cha gari ujue mafuta ya kila kimoja, kwa kuwa si lazima yawe ya aina moja.

Mafuta machafu yasimwagwe chini wala mtoni. Maji hayo ndiyo tunywayo, na ndiyo yanayokwenda katika mashamba ya mpunga. Yawekwe ndani ya mtungi uliofungwa, yapelekwe karakana.

Petroli iliyokaa miaka hunuka kama vanishi, wala haiwaki vema. Teremsha tangi lote, lisafishwe ndani, kwa kuwa kutu na tope vikibaki vitaziba kabureta mara kwa mara. Safisha kabureta, na badilisha mipira yote ya petroli. Mpira uliopasuka karibu na injini yenye moto ni kiberiti kilichokwisha kuwashwa. Usivute petroli kwa mdomo, ijapokuwa wengi hufanya hivyo; ikiingia mapafuni yaweza kuua. Wala usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi lililowahi kutiwa petroli. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

5. Nyaya na moto wa plagi

Panya hupenda kula nyaya. Fuata kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na panapoonekana shaba tupu pabadilishwe. Kufunga karatasi ya nailoni ni kujidanganya. Kwangua mahali waya wa ardhi wa betri unaposhikana na bodi, kwa maana kutu ndogo hapo huwafanya watu wanunue stata mpya bila sababu. Pointi zisafishwe na nafasi yake ipimwe, yapata milimita 0.4.

Sasa, plagi zikiwa bado nje, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya mafuta izimike. Maana yake mafuta yamepanda na kufika kila mahali. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Injini ikishaunguruma usiikanyagie. Iache itembee taratibu, wewe ukitazama mambo matatu: taa ya mafuta, joto la maji, na rangi ya moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula mafuta. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto maana yake maji yanaingia katika silinda.

6. Breki kabla ya mwendo

Injini ikishawaka, kijiji kizima hushangilia, watoto hupanda nyuma, na dereva hushikwa na hamu ya kuliondoa. Hapo ndipo watu hufa. Injini isiyowaka haijamwua mtu. Gari lisilosimama limeua wengi. Kwa hiyo gari lisitembee hata hatua moja kabla ya breki kushughulikiwa.

Jua sababu yake. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, hata bila mafuriko. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Dereva mwenye mzigo akishika breki mara kwa mara, joto hupanda, mafuta huchemka, na ndani ya mabomba hupatikana mvuke. Mvuke hubanwa, basi dereva hukanyaga, na pedeli hulala sakafuni. Tena maji hayo hayo hula kuta za silinda ndogo za breki kwa kutu, na raba zake hukatika.

Fungua magurudumu yote manne. Silinda zilizoshika kutu zibadilishwe, na mipira laini ya breki ibadilishwe yote hata ikionekana mizuri, kwa kuwa huoza kutoka ndani. Osha ngoma za breki, na tia grisi mpya katika beringi. Jaza mafuta mapya kutoka chupa iliyokuwa imefungwa, na toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu. Usitie kamwe mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki. Huvimbisha raba zote kwa siku chache.

Kisha jaribu hivi. Kanyaga pedeli kwa nguvu, uhesabu mpaka 60. Ikizama pole pole, pana mahali panapovuja. Ikiwa laini kama sifongo, hewa imebaki ndani. Ikisimama imara, endesha gari kwa mwendo wa mtu atembeaye, penye uwanja mtupu, na ushike breki mara kumi. Jaribu breki ya mkono pia.

Tairi nazo zitazamwe. Ubavuni pana tarakimu nne mwishoni mwa herufi DOT: 2314 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi iliyokaa juani miaka kumi hupasuka hata kama meno yake ni mapya.

7. Barabara na sheria

Safari ya kwanza iwe fupi, mchana, bila mzigo. Rudi nyumbani, lala chini, utazame linapovuja. Siku ya pili ongeza mwendo kidogo. Baada ya kilomita 500 mwaga mafuta ya injini tena, kwa kuwa yatakuwa yamekusanya uchafu wote wa zamani. Usilipeleke Malindi katika wiki ya kwanza. Toka Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na mahali pengi njiani hapana fundi wala kivuli.

Lakini hata safari fupi ya barabara kuu yataka bima, walau ile ya kuwalinda watu wengine, na pikapu ya biashara yapasa kukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Wenye magari wengi huona ukaguzi kuwa usumbufu. Sisi twauona kuwa ni jicho la pili. Fundi aliyetengeneza hulisifu gari lake. Mkaguzi hana haja ya kulisifu.

8. Hesabu ya mwisho

Sasa turudi Wema. Familia na ichukue daftari na kuandika safu tatu. Safu ya kwanza: mambo ya uhai, yaani breki, usukani, tairi, mihimili na taa. Safu ya pili: mambo ya mwendo, yaani injini, gia boksi, petroli na betri. Safu ya tatu: mambo ya macho, yaani rangi, viti na redio. Kila kitu kiandikiwe bei iliyoulizwa dukani, si ya kukisia. Jumla ya safu mbili za kwanza ikizidi bei ya gari jingine la namna hiyo linalotembea, mwana wa kwanza ndiye mwenye haki, na liuzwe bila aibu. Vipuri vyake vitalifufua gari la mwingine. Ikiwa ni chini ya hapo, mwana wa pili na aanze kazi, ila kwa utaratibu, akiifuata safu ya kwanza kabla ya ya pili. Fedha zikiisha katikati, gari lingoje. Gari lenye injini nzuri na breki mbovu halijafika nusu ya safari, halijaanza.

Na likishafufuka, lisirudishwe chini ya mwembe bondeni. Mvua za masika zikikaribia, lipelekwe mahali pa juu mapema, kwa sababu tope likishakatiza njia hata gari zima haliokoki.

Mama aliuliza kama gari litawafikisha hospitali usiku. Jibu letu ni hili: asikubali kujibiwa kwa mngurumo wa injini. Na aonyeshwe daftari, aonyeshwe chupa tupu za mafuta ya breki, akanyage pedeli kwa mguu wake mwenyewe na kuhesabu mpaka 60. Ikisimama imara, na apande.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini silinda yenye maji huharibika zaidi injini ikiwashwa kwa haraka?
2. Mstari wa tope ukifika vitovuni mwa magurudumu, ni vyombo gani vifunguliwe?
3. Mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha nini, na utafanya nini?
4. Kwa nini breki hutangulia mwendo, na mambo ya macho huja mwisho?
5. Gari la marehemu haliwezi kuhamishwa kwa jina la mwanawe bila ya hati gani?